Nukta Tatu za Fundi Meno

Wahenga hawakuona haya kuutaja uchi, basi nasi tusione haya kuusikia. Walisema mficha uchi hazai, wala hawakuwa wakifanya mzaha. Walimwona mtu akiugulia shida yake kimyakimya, akiifunika kwa koti, kwa cheo na kwa uongo, huku msaada umekaa mlangoni ukisubiri atamke neno moja tu. Afichaye tatizo lake hujinyima dawa. Lililo baya zaidi ni kwamba mara nyingine huwanyima na wenzake ambao hawakutenda kosa lolote. Asiyeamini na asikilize yaliyomfika Fundi Meno.

Fundi Meno alikuwa na jina alilopewa na wazazi wake, lakini jina hilo lilikuwa limelala ndani ya vyeti. Kutwa alishinda katika chumba cha nyuma cha hospitali ya serikali, chumba chenye harufu ya nta iliyoyeyuka na vumbi jeupe la plasta, akitengeneza meno bandia. Vidole vyake vilikuwa vinene kama vya mpiga zege, ila vikishika kisu cha kuchongea nta vilikuwa vyepesi kama vya mtunga shanga. Angeweza kukurudishia jino lako la mbele na ule upogo wake mdogo, hata mkeo asijue kwamba uliwahi kulipoteza. Alikuwa na majivuno, na majivuno yake yalikuwa na haki. Akipita sokoni hakutazama nyanya wala vitunguu, alitazama vinywa. Mtu akiangua kicheko, yeye husimama na kujisemea, "Ile kazi yangu ile!" kisha huendelea na safari kifua mbele.

Kila kazi aliyoimaliza aliitia alama. Upande ule unaogusa kaakaa, mahali ulimi usipofika, alichoma kwa sindano nukta tatu zilizokaa kama mafiga, akazijaza rangi nyeusi, kisha akazifunika kwa tone la plastiki angavu. Nukta moja ilikuwa yake, ya pili ya dada yake, na ya tatu ya binti wa dada yake. Hakumwambia mtu yeyote. Hata mvaaji hakujua kwamba amebeba kinywani ukoo wa watu.

Dada huyo ndiye aliyemlea. Mama yao alipofariki, dada alikuwa na miaka kumi na sita na Fundi Meno alikuwa na sita. Msichana yule akaacha shule, akakalia cherehani, na sare za watoto wa wenzake zikamsomesha mdogo wake mpaka akawa fundi. Baadaye aliolewa, akajaliwa binti, akafiwa na mume, na cherehani ikabaki palepale kibarazani ikilia trrr kama kawaida. Binti yake sasa alikuwa mwaka wa mwisho katika chuo cha ukunga, akisomeshwa na mfuko wa ufadhili wa watoto wa wazazi wasiojiweza. Mtaa mzima ulikuwa umeshamwita Mkunga kabla hata hajafuzu.

Miaka mitatu nyuma, kliniki mbili za watu binafsi zilisikia sifa za Fundi Meno zikamtaka awafanyie kazi za pembeni. Akageuza chumba chake cha uani kuwa karakana. Alasiri baada ya kutoka hospitali, na Jumamosi kuanzia asubuhi, alikuwa humo akichonga na kusugua. Kliniki zikamtaka awape jina, namba ya mlipakodi na akaunti ya benki. Hapo ndipo alipokwenda kuomba ushauri kwa mtunza ghala wa hospitali, bwana mmoja aliyebandikwa jina la Mkato kwa sababu hakuna njia ndefu aliyokosa kuipatia kichochoro.

"Mshahara wako unakatwa kodi?" Mkato alimuuliza.

"Kabla hata sijauona."

"Basi ushalipa, bwana! Ng'ombe hakamuliwi mara mbili asubuhi moja. Ukiandika jina lako kule, watakukamua mpaka itoke damu. Na hapa kazini nao watakuuliza kibali cha kufanya kazi nje kiko wapi. Unacho?"

"Sina."

"Basi tafuta jina lisilo na kelele."

Jina lisilo na kelele! Fundi Meno alilijua moja. Dada yake alikuwa na namba ya mlipakodi tangu alipoandikisha ushonaji wake, na akaunti ya benki ambayo hakuitumia. "Chukua kadi yenyewe ukae nayo," dada alimwambia siku alipoiomba. "Mimi fedha zangu zinalala kwenye kopo la vifungo. Unataka kuweka akiba?"

"Ndiyo, Dada. Akiba."

Hilo lilikuwa neno dogo, na halikuwa uongo mtupu. Lakini uongo nusu ni kama jino lililooza upande wa ndani: kwa nje linang'aa, na ndani linachimba taratibu kuelekea mfupa.

* * *

Siku za mwizi ni arobaini. Za Fundi Meno zilitimia Jumatatu moja, saa saba mchana.

Alikuwa kibarazani kwa dada yake, sahani mapajani, kama alivyozoea kila mapumziko ya mchana. Dada alikuwa anashona huku ameshikilia pini mbili midomoni. Mara Mkunga akaingia na sare yake ya wodini, saa ambayo alipaswa kuwa kazini. Hakuamkia. Binti aliyelelewa kusema shikamoo hata kwa paka wa jirani alinyamaza kimya, akaweka barua juu ya kitambaa kilichokuwa kinashonwa.

"Mama, una biashara gani nisiyoijua mimi?"

Dada alitoa pini mdomoni. "Soma. Macho yangu unayajua."

Mkunga akasoma kwa sauti iliyokauka. Mfuko wa ufadhili ulikuwa umelinganisha taarifa zake na kumbukumbu za ofisi ya kodi. Kliniki mbili zilikuwa zimeorodhesha malipo ya meno bandia kwa jina la mama yake kwa miaka mitatu mfululizo, wala mapato hayo hayakutajwa popote. Kwa hiyo ufadhili umesimamishwa. Kama kuna maelezo, yathibitishwe na ofisi ya kodi na kufikishwa kwa mfuko kabla ya saa kumi alasiri, Ijumaa ya wiki hiyohiyo. Baada ya hapo, nafasi atapewa mwingine.

Dada aliangua kicheko, akaziba mdomo kwa kiganja kama alivyozoea kila alipocheka. "Biashara ya meno? Mimi? Meno yangu manne ya mbele yamehama bila kuaga! Ningekuwa na duka la meno, si ningejikopesha mwenyewe kwanza?"

Hakuna aliyecheka naye. Kicheko kikamfia mkononi. Mguu wake ukaacha kukanyaga cherehani. Polepole akageuza macho kumtazama mdogo wake.

Fundi Meno aliitazama sahani. Maneno yalimpanda mpaka kooni: Dada, ni mimi. Maneno matatu tu, idadi ileile ya nukta zake. Lakini haya ilimkaba kama mfupa wa samaki. Mbele ya dada huyu alikuwa fahari ya ukoo, mwenye cheti kilichotundikwa ukutani juu ya cherehani. Sasa amwambie nini? Kwamba fahari hiyo ilikuwa imejificha nyuma ya gauni lake?

"Pengine wamekosea jina," alisema.

"Mjomba, wamekosea jina, na namba, na akaunti?" Mkunga alimgeukia. "Mtihani wa mwisho unaanza Jumatatu ijayo. Ada isipolipwa siingii chumbani. Miaka mitatu yangu inakwenda na maji!"

Dada hakuwa amemwondolea macho mdogo wake. "Ile kadi niliyokupa," alisema polepole. "Bado unawekea akiba?"

"Naweka, Dada."

"Haya."

Neno hilo moja lilikuwa zito kuliko jiwe la kusagia. Dada akarudisha pini midomoni, akakanyaga cherehani. Fundi Meno aliondoka kabla chakula hakijapoa.

* * *

Alimkimbilia Mkato ghalani. Mkato alimsikiliza huku akihesabu maboksi ya glovu.

"Tulia wewe. Dada akaseme ni rambirambi za marehemu mumewe."

"Rambirambi za miaka mitatu? Kutoka kwa kliniki za meno?"

"Marehemu hakuwa na meno?" Mkato alicheka peke yake, kisha akashusha sauti. "Sikiliza. Funga akaunti, choma karatasi, tupa hizo plasta zako. Binti atasoma mwakani, umri haujamkimbia. Wewe ukijipeleka, utalipa kodi, faini na riba, na kazi hapa inaota mbawa. Nani atawalisha wote hao?"

Fundi Meno alitoka na sumu hiyo masikioni. Jumanne alikwenda kazini, akachonga meno ya mzee mmoja yakatoka makubwa kama ya farasi, akayayeyusha akaanza upya. Jumatano yakatoka madogo. Tangu ashike kisu, mikono yake haikuwahi kumsaliti hivyo. Kila simu ilipolia moyo ulimpasuka paa! Kila mtu aliyepita dirishani na bahasha alikuwa, machoni pake, mjumbe aliyetumwa kumchukua. Mchana hakwenda tena kibarazani. Alijifungia, akala mkate mkavu kati ya vichwa vya plasta, mifano ya vinywa vya wateja, vilivyokenua meno kana kwamba vinamcheka.

Alhamisi alasiri, mlango wa chumba chake cha uani uligongwa mara moja tu. Alikuwa ni Mkunga. Hakukaa.

"Leo pia sikuamkii, Mjomba, na ujue ni makusudi."

Fundi Meno alimsogezea kigoda; Mkunga hakukitazama.

"Jana mama alikwenda ofisi ya kodi. Wamemuuliza meno anatengenezea nini. Kasema plasta. Wakamuuliza plasta inachanganywaje. Kasema na maji. Wakamuuliza baada ya hapo? Kanyamaza. Halafu kasema, 'Fedha ni zangu, nipeni nitie saini.' Na saini ametia!"

"Ametia saini?" Fundi Meno alishika ukingo wa meza.

"Ametia. Kisha karudi nyumbani kaniambia nitafute kibarua, nitasoma Mungu akipenda. Nikamuuliza kwa nini. Unajua amenijibu nini? 'Nilimlea kwa mikono hii. Siwezi kumpeleka mwenyewe kwa mikono hiihii.'" Sauti ya Mkunga ilikatika, akaimeza, ikarudi ikiwa kali zaidi. "Anajua, Mjomba. Alijua tangu Jumatatu. Alikuwa anasubiri useme."

Fundi Meno alikaa juu ya kigoda kama kuku aliyemwagiwa maji. "Niliona haya," alisema. "Naogopa pia. Kazi itakwenda. Jina litakwenda."

"Haya!" Mkunga alicheka kwa uchungu. "Njoo wodini kwetu nikuonyeshe haya. Mwezi uliopita aliletwa mama mmoja, mke wa mkubwa fulani. Uchungu umembana, naye amebana khanga miguuni, hataki kuguswa wala kuangaliwa. Mtoto kalala vibaya tumboni na hatuwezi kujua mpaka atuache tuone. Saa nzima tunambembeleza. Mkunga wetu mkuu akamshika mashavu akamwambia, 'Mwanangu, mlangoni mwa wodi hii aibu huvuliwa pamoja na viatu. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Chagua: heshima yako au mtoto wako.' Akaachia khanga."

"Na mtoto?"

"Anapiga kelele mpaka leo. Tungechelewa kidogo tungezika wawili." Mkunga alishika kitasa. "Wewe umebana khanga, Mjomba, ila aliye tumboni ni mimi. Kesho saa kumi."

Akaondoka bila kuufunga mlango. Fundi Meno aliutazama mlango ule ulio wazi kwa muda mrefu, mwanga ukimulika rafu zake. Kisha akainuka, akatoa kikapu kikubwa cha dada yake alichokuwa akibebea plasta, akaanza kupanga humo vichwa vya plasta kimoja kimoja, bila kuacha hata kimoja.

* * *

Ijumaa saa tano alikuwa kwenye foleni ya ofisi ya kodi, kikapu mapajani. Aliitwa saa nane kasorobo. Aliyemwita alikuwa afisa wa makamo, mama mwenye miwani minene na uso uliofungwa kama bahasha ya serikali. Faili la dada yake lilikuwa wazi mezani.

"Mama, fedha hizo si za dada yangu," Fundi Meno alianza kabla hajakaa. "Ni zangu mimi. Nilitumia jina lake kwa miaka mitatu nikikwepa kodi. Yeye hajui hata meno yanapikwaje."

Bi Afisa hakushtuka. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Bwana, unajua hapa kila mwezi analetwa kaka? Mtu akibanwa, kaka anajitokeza kumbebea mzigo. Mara mjomba, mara shemeji. Mwaka jana aliletwa babu wa miaka tisini, eti ndiye mwenye kampuni ya mabasi."

"Mimi sijaletwa. Nimekuja."

"Dada yako ametia saini juzi kwamba fedha ni zake." Akaigonga karatasi kwa kalamu. "Risiti zina jina lake. Namba ni yake, akaunti ni yake. Wewe una nini?"

"Kadi ya akaunti ninayo mimi. Hii hapa."

"Kadi huazimwa."

Fundi Meno akafunua kikapu, akavipanga vichwa vya plasta mezani vikikenua. "Hivi ni vielelezo vya kazi zote. Vina tarehe."

"Navyo hubebwa kwa kikapu, kama ulivyovileta." Akainua simu, akapiga kliniki ya kwanza. Fundi Meno alisikia sauti nyembamba ya mhasibu ikijibu upande wa pili: sisi tunamjua aliyeandikwa kwenye karatasi, mwingine hatumjui. Kliniki ya pili ikajibu hivyohivyo. Nani angekubali kwamba alijua jina si la mwenye kazi?

Saa ya ukutani ilisema saa tisa kasoro dakika kumi. Kwa miaka mitatu alikuwa amejifuta kwa ustadi, karatasi baada ya karatasi. Leo anataka kuonekana na hakuna anayemwona. Alijichimbia shimo na akalifukia yeye mwenyewe, yumo ndani!

"Nenda nyumbani, bwana," Bi Afisa alisema, safari hii kwa upole kidogo. "Nikiandika barua bila ushahidi, nitakuwa nimeidanganya serikali kwa huruma. Huruma haina muhuri."

Alikuwa ameshaanza kulifunga faili. Katika kuyatamka maneno hayo, midomo yake ilifunguka kiasi. Fundi Meno, ambaye mazoea yake hayakumwacha hata siku yake ya kiama, alitazama kinywa. Akaliona jino la mbele la kushoto, lenye upogo mdogo unaoegemea mwenzake. Upogo ule aliuchonga yeye, kwa picha ya zamani iliyoletwa na kliniki, akaharibu nta mara nne kabla haujakubali.

Alijua akisema atamvunjia heshima mama wa watu ofisini kwake. Alijua pia saa inakwenda. Akapiga moyo konde.

"Mama, nisamehe kwa nitakalosema. Kila jino nililotengeneza nimelitia alama ambayo hakuna anayeijua duniani ila mimi. Kliniki hazijui, wala dada yangu. Nukta tatu nyeusi, zimekaa kama mafiga, upande unaogusa kaakaa. Zimefunikwa, haziwezi kuchomwa baada ya kazi kukauka." Akakisogeza kikapu kando. "Ushahidi wangu haumo kwenye kikapu. Umo vinywani mwa watu. Na mmoja... hauko mbali."

Bi Afisa alimtazama, na mkono wake ukapanda mdomoni bila yeye kujua. Uso ule wa bahasha ulipita rangi zote. Hata mumewe, ilijulikana baadaye, hakuwa akijua siri ile.

"Unasema nini wewe?" sauti yake ilikuwa ndogo.

"Namba hamsini na saba, Mama. Juu, meno sita. Kliniki walileta picha ya harusi ili nifuate upogo. Kichwa chake ni kile pale, cha tatu kutoka mwisho."

Bi Afisa alikitazama kichwa cha plasta. Alitazama mlango. Alitazama faili, ambamo jina la mwanafunzi wa ukunga lilikuwa limeandikwa kwa wino mwekundu: *mwisho saa 10*. Kisha akainuka, akaufunga mlango kwa ufunguo, akageukia ukuta. Mabega yake yalisogea kidogo. Aliporudi mezani alikuwa ameshika leso, na ndani ya leso meno sita ya waridi na meupe yaling'aa kama lulu. Alitoa kioo cha kukuzia maandishi kwenye droo, akainama.

Akatazama kwa muda ambao Fundi Meno hakuwahi kuuona mrefu kama huo maishani mwake.

"Tatu," Bi Afisa alisema. Neno lilitoka laini, lenye upepo, mashavu yamezama, na ghafla akafanana na bibi wa mtu. "Miaka miwili nayasafisha kila asubuhi, sijaziona."

"Hazikuwekwa zionekane, Mama."

"Kama wewe," alijibu. Akayapachika meno mahali pake, akajiweka sawa, na uso ukarudi kuwa wa ofisi. Lakini haukuwa tena umefungwa. "Mimi nimejivua mbele yako leo, bwana, jambo ambalo sijalifanya mbele ya mtu. Sasa zamu yako. Andika kila kitu. Kila kliniki, kila mwezi. Ukiacha hata jino moja, nitakuja kukung'oa yako. Na ujue: ukishatia saini hapa hakuna kurudi. Kodi yote, faini na riba."

"Leta kalamu, Mama."

Aliandika mpaka vidole vikamkakamaa. Bi Afisa akafuta tamko la dada, akachapa barua kwenda kwa mfuko, akaipiga muhuri kwa kishindo kilichofanya vichwa vya plasta viruke. Saa ilikuwa tisa na dakika arobaini na tano.

Nje, Mkunga alikuwa amekaa kwenye ngazi. Hakuwa ameambiwa aje. Alipomwona mjomba wake akitoka na bahasha hakuuliza kitu. Aliinyakua, akavua viatu akavishika mkononi, akakata mbio kuvuka mtaa wa kwanza, wa pili, akapotea kwenye kona. Fundi Meno alijaribu kumfuata, pumzi zikamwishia kwenye nguzo ya taa. Akaishikilia nguzo ile, macho kwenye saa yake. Saa kumi kasoro tano. Kasoro tatu. Saa kumi kamili. Moyo ukamwambia: umechelewa, ulikuwa na siku nne na umezila kwa hofu.

Kisha Mkunga akatokea kwenye kona, anatembea, viatu bado mkononi. Alikuja mpaka kwenye nguzo, akasimama mbele yake, jasho na machozi vikiwa vimechanganyika. Akainama kidogo.

"Shikamoo, Mjomba."

Fundi Meno hakuweza kuitikia marahaba. Alilia tu, katikati ya barabara, mbele ya watu.

* * *

Haikuwa bure, wala mtu asidanganywe. Pikipiki yake aliiuza, na deni lililobaki alilipa kwa awamu kwa miezi ishirini, akila mkate mkavu safari hii bila aibu. Hospitali ilimpa onyo la maandishi. Lakini onyo hilo lilifuatana na fomu ya kuomba kibali, na kibali kikatoka. Kumbe siku zote kilikuwa cha kuomba tu! Kwa jina lake halisi na namba yake halisi akapata mkopo wa mashine, akafungua karakana kando ya barabara, na juu ya mlango akachora nukta tatu kubwa nyeusi ambazo kila mpita njia aliziona. Mkato alipita siku moja, akazitazama, akauliza kama kuna njia rahisi ya kupata kibali. Akaambiwa iko moja, tena imenyooka.

Mkunga alifaulu. Kazini kwake amekwishapokea watoto wasiohesabika, na kila mama anayebana khanga husimuliwa, bila kutajwa jina, habari za fundi mmoja.

Siku karakana ilipofunguliwa, mteja wa kwanza alikuwa dada. Aliketi kwenye kiti kipya, akaondoa kiganja mdomoni, akafunua pengo la meno manne ambalo mdogo wake, mtazama vinywa vya mji mzima, hakuwahi kulitazama.

"Miaka yote hii, Dada, mbona hukuniambia?"

"Niliona haya kukuomba," dada alisema. "Nawe hukuuliza. Tumefanana, sisi."

Wiki mbili baadaye alitoka na meno yake, akacheka mikono ikiwa chini. Kisha akatoa kopo la vifungo, akachomoa noti iliyokunjwa, akaiweka mezani. Fundi Meno akairudisha. Dada akaisukuma tena.

"Ipokee. Na uniandikie risiti, jina liwe lako."

Fundi Meno akaandika. Jina lake lilikuwa refu, na mkono haukutetemeka hata herufi moja. Hakika waliosema walisema kweli: mficha uchi hazai.